Kiongozi wa timu yetu alimsimulia mteja habari za mama yangu kana kwamba ni za mama yake

*Shangazi, pokea salamu. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa miaka, nikiwa kwenye matatu asubuhi, na sikudhani siku moja nitakaa niandike yangu.*

*Nina miaka 29. Nachora katika kampuni ndogo ya ubunifu hapa Nairobi, upande wa Kilimani. Timu yetu ina watu wanne: mimi mchoraji, dada anayeandika maneno, kijana wa utafiti, na kiongozi wetu ambaye yuko kwenye kazi hii tangu mimi nikiwa shule ya upili. Mteja akitueleza anachotaka, tunakaa mezani tutafute wazo, tunalichora, tunalichana, tunalichora tena, halafu tunaenda kuliwasilisha mbele yake tukishindana na kampuni nyingine.*

*Mapema mwaka huu kampuni moja ya kusaga unga ilialika kampuni tatu zishindanie pakiti yake mpya ya kilo mbili. Kushindana hakulipwi, anayeshinda ndiye anayeona pesa. Kwa wiki tatu tulikuwa tunatoka ofisini saa nne usiku. Siku ya tano bado hatukuwa na kitu zaidi ya picha za mahindi na familia inayocheka mezani, zile zile za kila pakiti.*

*Jioni hiyo nikawasimulia habari za mama. Tulipokuwa wadogo huku Kayole mama aliuza mboga, na kila alipomaliza kusonga ugali alichukua kalamu akachora mstari kwenye pakiti, pale unga ulipofikia, akaandika siku. "Jumatatu." "Jumanne." Mstari ukishuka kuliko alivyopanga, jioni iliyofuata mama hakuwa na njaa. Ndivyo alivyotuambia, kwamba hana njaa. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa.*

*Mezani kukawa kimya. Kisha kiongozi akagonga meza akasema, "Hilo ndilo." Tukaanza kuchora pakiti yenye mistari ya kupimia ubavuni. Kijana wa utafiti alizunguka Umoja, Huruma na Mathare akiuliza wamama wanavyohifadhi unga, akarudi na habari mbaya: unga hujipanga ukitikiswa, kwa hiyo mstari haulingani. Tena watu hukunja pakiti kadiri inavyopungua, kwa hiyo mistari ya chini yote inafichika. Kiongozi ndiye aliyesema, basi mstari usiwe wa kupimia tu, uwe wa kukunjia. Mtu akunje hadi hapo na mkunjo wenyewe umwonyeshe kilichobaki. Dada wa maneno akaandika juu ya mkunjo wa mwisho, "Leo na kesho ipo." Nilikwenda kwa mama nikapiga picha ya mkono wake ukiwa na kalamu juu ya pakiti.*

*Siku ya kuwasilisha tulikwenda Eneo la Viwanda. Kiongozi ndiye aliyezungumza, kama kawaida yetu. Alikuwa ameniuliza mara mbili kama ningependa kuzungumza mimi nikakataa, kwa sababu mbele ya wakubwa koo hunikauka na maneno hunipotea. Mimi nilibonyeza slaidi. Ilipofika picha ya mkono wa mama, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mama yangu alikuwa akichora mstari kwenye pakiti ya unga." Akaendelea hadi pale pa njaa. Mwanamke mmoja upande wa mteja alifuta machozi. Shangazi, mimi nilibonyeza slaidi iliyofuata.*

*Mama yake alikuwa na shamba. Yeye mwenyewe alitusimulia jinsi walivyobeba mahindi yao hadi posho mill. Kwao hakukuwa na pakiti ya kuchorwa.*

*Tulishinda. Ofisini kulikuwa na keki. Nilimuuliza kwenye ngazi, "Mbona ulisema mama yako?" Akacheka akasema, "Hadithi hupendeza ikiwa na mwenyewe. Sote tumeshinda, au sivyo?" Dada wa maneno ananiambia biashara ndivyo ilivyo. Kijana wa utafiti naye ananiambia tutoke mimi na yeye, tufungue kampuni yetu, tumfuate mteja tumweleze ukweli, tuchukue kazi.*

*Sasa mteja anataka tangazo la redio na la televisheni juu ya hadithi hiyo, na amemwomba kiongozi amlete mama yake apigwe picha. Kiongozi amesema atajaribu. Mkutano wa tangazo ni baada ya wiki mbili. Mama husikiliza redio kutwa kwenye kibanda chake. Nimwambie mkurugenzi? Nitoke? Ninyamaze nilinde mshahara wangu? Silali.*

*Mchora Mistari, Nairobi*

Jibu la Shangazi

Binti yangu, nilipofika pale uliposema "mimi nilibonyeza slaidi iliyofuata," nilisimama, nikaenda nikanywa maji, ndipo nikarudi kumalizia. Niliiona ile picha. Mkono wa mama yako ukutani, sauti ya mtu mwingine ikimwita mama yake, na kidole chako ndicho kinachosukuma mambo mbele. Pole sana. Sishangai kwamba hulali.

Ninavyokusikia, umekusanya mambo matatu katika uchungu mmoja, na ningependa tuyaweke mezani moja moja kwa sababu hayana dawa moja. Kuna wazo. Kuna kazi. Na kuna hadithi.

Wazo, yaani mstari kwenye pakiti, lilitoka kinywani mwako, na barua yako haionyeshi kwamba kuna anayelikana. Lakini isome barua yako tena ukiwa umetulia. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba mstari wa mama haukufanya kazi ulipofika kwenye pakiti: unga unajipanga, pakiti inakunjwa. Kijana alirudi na vumbi la Mathare kwenye viatu na tatizo mkononi. Kiongozi akalifungua kwa mkunjo. Dada akaandika maneno manne ambayo mimi, niliye mbali na ofisi yenu, yamenikaa kichwani. Kilichoshinda pale Eneo la Viwanda ni cha watu wanne, na nadhani unajua hivyo, kwa sababu hukuficha mchango wa hata mmoja wao. Wengi wanaoniandikia wakiwa na hasira huwafuta wenzao kabisa. Wewe hukuwafuta.

Nalisema hili kwa sababu kumbukumbu hutuchezea sote. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa kila mmoja anafanya kiasi gani cha kazi za nyumbani. Walipojumlisha majibu ya mume na mke, mara nyingi kazi ilizidi kazi yote iliyopo. Hawakuwa waongo; kila mtu huyakumbuka majasho yake kuliko ya mwenzake. Miaka kumi baadaye Alan Brown na Dana Murphy waliwaweka watu wanne wanne, wakawaomba wataje mambo kwa zamu, kisha kila mtu akumbuke aliyoyataja yeye. Baadhi walitaja ya wenzao huku wakiamini ni yao. Meza ya watu wanne, kama yenu. Kwa hiyo mtu akisema "wazo langu" na kumbe si lake, mimi sikimbilii neno mwizi.

Lakini hapo ndipo utafiti unaponiishia mkononi. Mtu husahau nani alitaja nini saa mbili usiku ofisini. Hasahau kama mama yake alilala njaa. Hadithi si wazo, na naona hili ndilo linalokuamsha usiku. Ukipewa cheti kilichoandikwa jina lako kwamba mstari ni wako, utalala? Sidhani. Ungeendelea kusikia "mama yangu" katika sauti isiyo yako.

Sasa niruhusu nikuulize maswali, nawe usiyachukue kama lawama.

Alikuuliza mara mbili uzungumze. Ulikataa mara mbili. Hilo halimpi ruhusa ya kuchukua mama yako, hata kidogo. Angeweza kusema "mama wa mwenzetu huyu aliyekaa hapa," akakuonyesha kwa mkono, na nakuhakikishia yule mwanamke angelia vilevile. Ila nataka kujua: kati ya mara ya pili uliyokataa na siku yenyewe, kuna mtu yeyote aliyeuliza sehemu hiyo itasemwaje? Mlifanya mazoezi? Ninavyofahamu kazi za kuwasilisha, huwa kuna siku ya kupitia slaidi kwa sauti. Kama mlipitia naye akasema "mama wa mwenzetu," kisha akabadilisha mbele ya mteja, hiyo ni habari moja. Kama alisema "mama yangu" hata kwenye mazoezi na wote mkanyamaza, hiyo ni nyingine, na mazungumzo yako naye yatakuwa tofauti.

Swali la pili ni gumu zaidi, na nimelizunguka kabla ya kuliandika. Mama yako anajua? Ulikwenda ukapiga picha mkono wake. Ulimwambia ni ya nini? Alijua kwamba jambo alilowaficha watoto wake, ile njaa aliyoiita kushiba, lingesimuliwa chumbani mwa watu wenye suti, na sasa redioni? Ninauliza kwa upole kwa sababu najua ulilisimulia kwa upendo. Ila kabla hadithi haijawa yako au ya kiongozi, ilikuwa ya mwanamke anayeuza mboga Kayole, na kati ya watu wote katika barua yako yeye pekee hajaulizwa. Pengine atacheka aseme tangazeni, mpaka kwa jirani. Pengine ataona aibu. Mimi sijui, na nadhani hata wewe hujui bado.

Ukilianzia kwake, mambo mengine hubadilika uzito. Akikataa, huna haja ya kumwendea mtu yeyote ukidai haki yako ya wazo. Unakwenda kusema tu kwamba mwenye hadithi hataki. Na hapo una mahali pa kusimama hata kisheria, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inalinda taarifa za mtu anayetambulika, na kwa kawaida kuzitumia kibiashara kunahitaji ridhaa yake. Akikubali, basi kuna mwanamke wa kweli, mwenye mkono wa kweli, wa kupigwa picha. Kiongozi wako, kwa upande wake, ameahidi kumleta mama asiyekuwepo. Nadhani hata yeye halali vizuri siku hizi. Amejikwamisha kwa sentensi moja na mkutano unakuja.

Ndiyo maana mazungumzo naye, mkiwa wawili, yana nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Safari ya kwanza ulimwuliza kwenye ngazi, siku ya keki, watu wakipita. Ngazi si mahali pa swali kama lile. Mtu aliyebanwa hadharani hucheka. Ukimtafuta faragha, unaweza kumwambia lile ulilonifundisha mimi, kwamba hukuumia kwa sababu alisifiwa, uliumia kwa sababu mama yako aliondolewa kwenye maisha yake mwenyewe. Kisha umwonyeshe mlango wa kutokea: mteja anaweza kuambiwa kabla ya mkutano kwamba hadithi ni ya mama wa mchoraji, kwamba siku ile aliisema kwa niaba ya timu, na kwamba mama mwenyewe yuko tayari kuonana nao, au hayuko tayari. Mteja anaweza kukunja uso. Lakini kukunja uso leo ni nafuu kuliko kugundua baada ya tangazo kwenda hewani, na hilo mtu mwenye uzoefu kama wake atalielewa haraka. Hatari iliyopo ni kwamba anaweza kukuahidi asitimize, au akaanza kukupa kazi ndogondogo za kukusahaulisha. Kwa hiyo mkishazungumza, mwandikie ujumbe mfupi wa heshima unaorudia mliyokubaliana. Si kwa vita, ni kwa kumbukumbu, tumeona zinavyocheza.

Kwenda kwa mkurugenzi ni haki yako pia, na sikuzuii. Fikiria tu utakwenda na nini. Ukienda na "aliniibia wazo," mkurugenzi atafungua mafaili, ataona mkunjo wa kiongozi, maneno ya dada, na mtaanza kupimana. Ukienda na "tumemwambia mteja jambo lisilo kweli na anataka kulirekodi," huyo ni mkurugenzi mwenye tatizo lake mwenyewe, na atakusikiliza kwa masikio mengine. Jinsi kiongozi atakavyokuona baadaye, siwezi kukuahidi. Timu ya watu wanne ni ndogo. Mtu akinuna, chumba kizima kinanuna.

Kuhusu mpango wa kijana wa utafiti, nitakuwa mkweli: unanitia wasiwasi, ingawa hasira yake kwa niaba yako naiheshimu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi aliyoifanya mwajiriwa katika ajira yake huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Na hakimiliki hulinda mchoro uliochorwa, hailindi wazo lililo kichwani. Sheria hiyo hiyo inamwachia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga, na hilo ni jambo la kushika. Lakini mkitoka na michoro ile mkamwendea mteja, mnaweza kujikuta ninyi ndio mnaoandikiwa barua na wakili. Mkataba wako wa kazi pia huenda una kifungu kuhusu wateja. Usome, na kama huuelewi mpelekee mwanasheria kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Kisha jiulize swali lisilo la sheria: kampuni yenu mpya itakapoalikwa kuwasilisha, nani atazungumza? Kijana? Nawe utabonyeza slaidi?

Siliulizi kwa ukali. Koo kukauka ni jambo la kweli na linawapata watu hodari. Ila nimesoma barua yako mara tatu, na ile aya ya mama na kalamu umeiandika kwa sentensi fupi, bila mapambo, na mimi nililia kama yule mwanamke. Hukuhitaji kuwa msemaji. Labda kuna njia kati ya kubeba wasilisho zima na kunyamaza kabisa: sehemu ya dakika moja, uliyoizoea, ukiwa umekaa. Wewe useme habari za mstari, kijana aseme alichoona Mathare, dada asome maneno yake, kiongozi afunge mkutano. Labda pia haitakufaa. Wapo wachoraji wanaoishi maisha mema bila kuzungumza mbele ya wateja, mradi jina lao litajwe.

Na kutajwa kunaweza kupangwa mapema bila ugomvi. Watunzi wetu wa tenzi tangu zamani hujitaja katika beti za mwisho, na hakuna aliyewaita wenye majivuno. Kwa nini wasilisho lenu lisiwe na slaidi ya mwisho yenye majina manne na alichofanya kila mmoja? Tena mnapoanza kazi mpya, pendekeza kila mtu aandike mawazo yake peke yake kwanza, aweke jina na tarehe, ndipo mkutane. Utaratibu huo hauhitaji kisingizio: tangu utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1958 inajulikana kwamba watu wanne wakifikiri kila mmoja kivyake, kisha wakaunganisha, huleta mawazo mengi kuliko wanne waliofikiri kwa pamoja tangu mwanzo. Mnafaidika wote, na kumbukumbu inabaki kwenye karatasi.

Kunyamaza nako umekuweka kwenye orodha yako, na sitakudharau kwa hilo. Kodi inalipwa kwa mshahara, na pengine mama naye anautegemea. Kuna watu walionyamaza jambo moja wakaendelea vizuri. Ila jambo hili lina redio ndani yake. Mama yako atakuwa kibandani akifunga sukuma wiki, atasikia mwanamume akisimulia mstari wake, na atakuuliza. Ukiamua kunyamaza, amua ukijua kwamba jibu hilo utalihitaji.

Una wiki mbili. Ningependa, kama inawezekana, kabla ya kiongozi, kabla ya mkurugenzi, na kabla kijana hajatafuta ofisi ya kukodi, uende Kayole Jumapili hii. Umkute mama akiwa hana haraka. Mwulize ile kalamu aliitoa wapi, na kwa nini aliandika siku. Mwambie yaliyotokea, yote, pamoja na slaidi. Halafu niandikie tena uniambie amesema nini.

Wako,
Shangazi